Mzee Funguo na Tundu la Kipasuasanda

Baba mkwe wangu ni mtunza ghala. Ghala lenyewe ni la mbegu na nafaka, mali ya chama cha wakulima, na nyumba tunayokaa imeegemea ukuta wake wa nyuma: vyumba viwili, jiko la nje, na bomba linalotoa sauti nyingi kuliko maji. Nyumba inamfuata mwenye funguo. Aliyekabidhiwa funguo za ghala ndiye anayelala hapa, na huu ni mwaka wa ishirini na mbili funguo hizo zinaning'inia kwenye mkanda wa baba mkwe. Ndiyo maana wapagazi wanamwita Mzee Funguo. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani tunamwona kama mgeni. Kwa hiyo siku nyingi tupo watatu: mimi, mwanangu wa miezi tisa, na huyo mzee. Wa nne ni bundi.

Nikisema bundi hivi, yeye angekuwa ameshanikatiza. "Bundi yupi, mama?" Ananiita mama kwa heshima, lakini swali lile halina heshima hata kidogo. Nimelisikia nikipika, nikifua, nikinyonyesha. Mwaka wa kwanza nilidhani ananitania. Hatanii.

Kwake kusema bundi ni kama kusema "mtu" halafu ukanyamaza. Mtu gani? Wa wapi? Yupo babewatoto, yule mkubwa wa miti ya nyuma, mwenye sauti nzito na manyoya mawili yaliyosimama kichwani. Watu wanasema ni masikio. "Si masikio, mama, ni pambo tu." Huyo ndiye mla kuku. Yupo kibundi, mdogo kama ngumi, anayekula panzi na vipepeo vya usiku. Ukimkaribia mchana hakimbii. Anajinyoosha, anajibana kwenye shina la mti, anafumba macho ibaki michirizi, anajifanya tawi kavu. Yupo wa majanini, anayetaga chini kwenye nyasi, hata kabla jua halijazama anakuwa ameshaanza kuzunguka. Na yupo kipasuasanda, anayekaa chini ya paa la ghala letu.

Huyo jina lake limemponza. Watu wa kale walimsikia akilia kama kitambaa kipya kinachochanwa, na katika vitambaa vyote vya dunia wakafikiria sanda. Ana uso mweupe uliobonyea kama sahani. Baba mkwe anasema uso wote ule ni sikio: sauti ikianguka pale inakusanywa, na tena masikio yenyewe hayako sawa, moja liko juu kidogo na jingine chini, hivyo panya akikanyaga punje gizani, ndege anajua yuko wapi na yuko umbali gani. Na mabawa yake hayana kelele, kingo zake zina manyoya laini kama matamvua ya shuka. Haya yote aliniambia siku natafuta kijiko cha dawa, mtoto ana homa.

Binadamu nao amewagawa hivyo hivyo. Meneja mpya ni kibundi: jambo likija anajinyoosha, anafumba macho, anakuwa tawi. Jirani yetu fundi wa nguo, tunayemwita Mama Cherehani, ni babewatoto, kwa kuwa anaguna kabla ya kusema. Siku moja nikamuuliza na mimi je. Akafikiri kweli kweli. "Wewe ni kipasuasanda, mama. Ukitembea husikiki. Lakini ukichana sauti, mtaa mzima unajua." Sikujua nishukuru au ninune. Nikanuna.

Lakini lililonimaliza ni vidonge. Kipasuasanda anameza panya mzima mzima, kichwa na mkia, kisha baadaye anatapika donge la manyoya na mifupa, limekaza kama uzi uliosokotwa. Baba mkwe anaokota madonge hayo, anayaanika dirishani, anayaita vidonge. Asubuhi moja nimetia mkono kwenye kopo la unga wa uji wa mtoto, macho bado mazito, nikashika manyoya.

"Baba, hili ni kopo la uji."

"Lilikuwa tupu, mama."

"Tupu ndiyo, lakini la uji."

"Humo mna panya thelathini na sita. Nimehesabu mafuvu."

Nikayatoa nje yote. Jioni yalikuwa yamerudi, kwenye kopo jingine.

Sasa, Jumatatu moja meneja akaja. Ni kijana, viatu vyake vinang'aa hata kwenye vumbi la nafaka, sijui anavipitisha wapi. Nilikuwa mlangoni, mtoto kiunoni. Akaangalia ukuta wa ghala, michirizi myeupe ya kinyesi inayoshuka kutoka kwenye tundu la chini ya paa, akaziba pua ingawa upepo ulikuwa wa upande mwingine.

"Mzee, Ijumaa wanakuja wakaguzi kutoka makao makuu. Hilo tundu lizibwe, hao ndege waondoke, na panya watiliwe sumu kama maghala mengine."

Hapo lilihitajika neno moja tu, nalo ni sawa. Nikamwombea kimya kimya. Sema sawa, Baba. Sema tu.

"Ndege gani, meneja?"

Nikafumba macho.

"Bundi, Mzee."

"Bundi yupi?"

Akaanza. Alianzia kwa yule wa majanini, akapitia kwa mla kuku wa Mama Cherehani, na alipofika kwa kipasuasanda meneja alikuwa ameshatazama saa mara nne.

"Mzee, mimi sina muda wa koo zao. Wapagazi wanaogopa kuingia jioni, na ukuta umechafuka. Ijumaa nikute pasafi na paa kimya. La sivyo utanikabidhi funguo mbele ya wageni, na nyumba hii atakaa atakayezipokea."

Akaondoka. Mama Cherehani, aliyekuwa bombani na ndoo iliyojaa zamani, akaguna. "Mimi kuku wangu wanne, Mzee. Wanne."

"Huyo ni mwingine, dada. Nimekwambia."

"Kuku aliyeliwa haulizi ukoo."

Wakati wa chakula nikasema ya moyoni. "Baba, ungeitikia tu. Sawa moja."

"Ningeitikia ningekuwa nimekubali sumu. Panya akila sumu hafi pale pale, mama. Anayumba siku mbili, tatu. Kipasuasanda anamkamata huyo huyo kwa kuwa ni rahisi, anawapelekea makinda. Sumu inahama."

"Na sisi tutahamia wapi?"

Akatafuna polepole, akanywa maji, akasema, "Nikipewa mwezi mmoja tu wataruka wenyewe." Sikio la kufa halisikii dawa. Nikabeba vyombo nikatoka, nikaviosha kwa kishindo ili asikie.

Jumanne alfajiri akavaa shati lake la kola akaenda makao makuu kuomba huo mwezi mmoja. Saa sita mchana fundi mwashi akafika na ngazi, kipande cha bati na saruji kwenye karai. Nikamwona anapanda. Akagonga ukuta kwa nyundo, akasikiliza, akagonga tena.

"Hamna kitu, dada. Wameshaondoka."

Mimi nilijua. Miaka miwili ya maneno yale juu ya kichwa changu, ningekosaje kujua? Saa sita mchana ndiyo saa ya bundi kulala. Walikuwemo humo, mama na makinda, wamejibana kwenye kona. Nilifungua mdomo nikasema, "Fundi, nadhani wamo."

"Nimegonga mara tatu. Ndege gani asiyetoka?"

Uji ulikuwa unafurika, mtoto analia, na kichwani nilikuwa naona godoro letu nje, masufuria nje, bomba la watu wengine. Nikajiambia, acha liishe. Nikarudi jikoni. Niliposikia mwiko wa fundi ukipiga saruji, nilikoroga uji kwa nguvu zaidi.

Baba mkwe hakurudi siku ile. Alituma ujumbe kwamba ofisini wamemkalisha kwenye benchi hadi jioni, basi la mwisho limemwacha, atalala kwa dada yake. Usiku mwanangu akaamka na njaa. Nilipokuwa namnyonyesha, nikasikia ukutani kitu kinajipiga, kinatulia, kinajipiga tena. Kisha sauti za makinda, kama mvuke unaotoka kwenye sufuria yenye kifuniko kibovu. Mama yao alikuwa humo humo pamoja nao, lakini mama asiye na mlango atalisha nini? Mwanangu alishiba akalala. Kule hawakunyamaza.

Jumatano asubuhi malori mawili ya mbegu yakaingia uwanjani, na wingu zito nyuma yake. Wapagazi wakaenda kwa meneja kuchukua funguo za akiba, wakafungua ghala. Kiongozi wao anaitwa Kifua, na ukimwona hutauliza kwa nini. Aliingia na gunia la kwanza. Akatoka bila gunia, na bila ndara moja.

"Kuna nyoka humo."

"Wapi?"

"Darini. Na si mmoja."

Wakasikiliza mlangoni. Ssss, ndefu, inapokezana. Hakuna aliyeingia tena. Wengine wakakaa juu ya malori, wakawasha sigara, wakaangalia wingu. Meneja akaja akasema wamezoea uvivu. Akaingia hatua tatu, akasikia, akarudi kinyumenyume mpaka akamkanyaga Kifua mguu usio na ndara.

"Nimezoea uvivu, bosi," Kifua akasema, anausugua mguu.

Wakati huo baba mkwe akatokea barabarani, shati la kola limejaa vumbi. Makao makuu walikuwa wamemwambia arudi wiki ijayo. Hakusalimia mtu. Alitazama juu, akaona bati, akasikia sauti, akaelewa.

"Nani ameziba?"

"Mimi, Mzee," akasema fundi mwashi, aliyerudi kufuata ngazi yake. "Jana saa sita mchana. Niligonga kwanza."

"Saa sita mchana." Baba mkwe akavua kofia. "Mwanangu, wewe ukitaka kumkosa mtu nyumbani kwake, unakwenda saa anayolala?"

Kisha akanigeukia.

"Na wewe, mama, ulikuwepo."

"Nilikuwepo, Baba."

"Ulijua wamo."

"Nilijua."

Angenifokea ingekuwa afadhali. Aliniangalia kidogo tu, kisha akawageukia wapagazi akaanza kuwaeleza. Kwamba si nyoka, ni makinda yenye njaa; kwamba kinda la kipasuasanda hulia hivyo hasa ili adui adhani ni nyoka; kwamba babewatoto yeye halii hivyo. Wingu limeshafika juu ya malori, mbegu ziko wazi, na mzee yuko kwa babewatoto. Kifua akasema, "Mzee, nyoka naye anaweza kusema yeye ni ndege." Wakacheka, hakuna aliyeshuka. Meneja alikuwa na simu sikioni. Nilimsikia akisema mlango ufungwe, dawa ya moshi iletwe mara moja, vyote vilivyomo darini vife.

Nilichoka. Nilimchoka mzee na maneno yake, meneja na viatu vyake, wanaume kumi na wawili wanaoogopa sauti, na zaidi ya wote nilijichoka mwenyewe. Nikampa Mama Cherehani mtoto. Nikajifunga kitenge kiunoni, nikachukua nyundo na tindo kwenye karai la fundi.

"Shika ngazi."

"Dada, mimi na nyoka hatu..."

"Shika ngazi."

Akashika. Saruji ilikuwa bado haijakomaa, ilimeguka kwa mapigo machache. Nikang'oa bati, nikalitupa chini. Hakikutoka kitu.

"Mnaona?" sauti ya Kifua. "Angekuwa ndege angeruka."

"Mchana haruki," nikajibu toka juu, na nikaisikia ile sauti. Ilikuwa ya baba mkwe, imekaa kinywani mwangu.

Nikachungulia. Mama mtu alikuwa amejilaza, uso mweupe umenielekea, macho meusi, anagonganisha mdomo tak, tak. Nyuma yake makinda matano yamepangana kama ngazi, mkubwa anaota manyoya ya kweli, mdogo kabisa ni pamba yenye vumbi. Makinda ya kipasuasanda hayaanguliwi siku moja. Yanatanguliana siku mbili mbili. Hilo niliambiwa nikikamua nepi. Wanne walikuwa wanayumbisha vichwa, kulia, kushoto, na kupuliza ile ssss yao. Mdogo alikuwa amelala.

Nikachukua wa pili kwa ukubwa. Alijilaza chali akanichoma kucha mkononi, alama ninayo mpaka leo. Nikamfunga kwenye pindo la kitenge, nikashuka. Chini nikamfunua mbele ya Kifua. Akapuliza ssss kwa nguvu zake zote, kichwa kinayumba, tumbo tupu, pamba imesimama.

Kifua aliinama, akamtazama. "Huyu ndiye?"

"Huyu ndiye."

"Kifua," akasema mmoja juu ya lori, "umeacha ndara kwa ajili ya mto wa kulalia?"

Kicheko hicho ndicho kilichowashusha. Mbegu ziliingia ghalani, gunia la mwisho likiwa na matone machache tu mgongoni. Baba mkwe hakumgusa kinda. Aliniuliza tu, "Mdogo wao mzima?"

"Amelala, Baba. Sijui."

"Mrudishe mwenzake upesi."

Nikapanda tena. Niliposhuka meneja alikuwa ameweka simu mfukoni. "Ijumaa iko pale pale, Mzee," akasema, akaenda zake.

Alhamisi nilisugua ukuta kwa brashi na sabuni toka asubuhi hadi mgongo ukagoma. Baba mkwe alisimama chini akinionyesha mahali nilipopaacha. Jua lilipozama kipasuasanda akatoka akalia ile sauti yake ya kuchana, akarudi na kitu mdomoni. Mama Cherehani akaguna dirishani kwake.

"Sanda ya nani tena hiyo?"

"Ya panya," nikamwambia. "Lala, dada."

Ijumaa wakaja wakaguzi wawili, mama mmoja mnene mwenye miwani na kijana wa kuandika. Yule mama hakuwa mtu wa kusimama mlangoni. Alizunguka kila safu ya magunia, akainama, akapapasa pembe za chini ambako panya huanzia. Alitumia saa nzima. Funguo zilikuwa kwenye mkanda wa baba mkwe, na meneja alikuwa amesimama karibu nazo.

"Sijaona gunia hata moja lililotobolewa," mama mkaguzi akasema. "Mnatumia sumu gani?"

Meneja akajinyoosha, akajibana ukutani, macho yakabaki michirizi. Tawi kabisa. Niliuma mdomo nisicheke.

"Hatutumii sumu," baba mkwe akasema. "Tuna kipasuasanda."

Na akaanza. Jamani, mdomo huponza kichwa, na mdomo wa huyu mzee umeponza vichwa vya nyumba nzima. Alieleza masikio, la juu na la chini. Alieleza mabawa. Akaenda ndani kwetu, akarudi na kopo la uji, akamimina mafuvu ya panya juu ya daftari la yule kijana. Kisha akafika kwenye tundu.

"Jumanne lilizibwa, wakiwa ndani. Mke wa mwanangu huyu hapa alijua, akanyamaza. Jumatano ndiye aliyepanda akazibua."

Mbele ya wageni. Mbele ya Kifua na Mama Cherehani. Nikatazama vidole vya miguu yangu, nikatamani kumtia kwenye kopo yeye na mafuvu yake.

Mama mkaguzi aliokota fuvu moja, akalitazama, akalirudisha. Akaangalia juu.

"Kanuni zangu hazisemi lolote kuhusu ndege huyu. Kinyesi zinakikataza. Pigilieni ubao mpana chini ya tundu, kwa ndani wekeni wavu asifike juu ya magunia, na ubao usafishwe kila Jumamosi. Panya sijamwona. Mtunza ghala aendelee."

Meneja alikohoa. "Nani atapanda kusafisha? Mzee magoti yake..."

Wote wakamtazama baba mkwe. Baba mkwe akanitazama mimi.

"Ngazi ameshaizoea," akasema.

Kwa hiyo tunakaa hapa hapa. Bomba ni lile lile, funguo ziko kwenye mkanda ule ule, na Jumamosi ni yangu. Jumamosi ya kwanza nilipanda na ufagio, nikachungulia. Makinda yalikuwa manne. Nilihesabu tena, nikashuka nikamwambia.

"Chakula kikikosekana," akasema, "wakubwa humla mdogo aliyedhoofu. Ndivyo walivyo."

"Kwa usiku mmoja tu, Baba?"

"Usiku mmoja unatosha."

Mwanangu alikuwa anatambaa mlangoni, nikambeba, nikakaa naye kidogo kwenye kizingiti.

Kisha baba mkwe akauliza vidonge ni vingapi. Nilikuwa nimeviweka kwenye kitambaa, saba. Nikamwona macho yanatafuta jikoni, yanasimama kwenye kopo la uji. Nikawahi. Nikampa kopo langu la vifungo, kubwa, lenye kifuniko kizuri. Nikachukua kalamu ya wino mzito ili mtu asikosee tena, nikaandika ubavuni kwa herufi kubwa: BUNDI.

Akalishika, akalisogeza mbali na macho, akasoma.

"Bundi yupi, mama?"

Nikamnyang'anya kopo, nikafuta kwa mate, nikaandika jina kamili. Ni refu, limezunguka kopo lote mpaka herufi za mwisho zikabanana na za mwanzo.